Mwimbaji Aitwaye K. Juu

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ulishasema simu ni ya salamu na misiba, na mambo ya kazi yaandikwe, basi haya naandika, na kalamu inaruka yenyewe. Nimepata kazi! Na keti kwanza kabla hujaendelea kusoma. Kazi yenyewe iko redioni kwako, ghorofa ya pili, chumba kilekile cha kanda ulichokitunza miaka ishirini na sita. Mlango bado haufunguki mpaka uusukume kwa bega. Kiti chako kipo, kimefungwa kamba mguu mmoja, nami ndiye ninayekikalia.

Sasa sikia. Bosi mpya anataka chumba hiki kiwe studio. Kanda ziko 3,120, wimbo mmoja kanda moja kama ulivyoziacha, na hakuna muda wala nafasi ya kuziokoa zote. Ameandika orodha ya waimbaji arobaini. Kanda za hao arobaini zitahamishiwa kwenye kompyuta. Nyingine zote zitachukuliwa na lori la chakavu Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu.

Ndipo ninapoingia mimi. Madaftari yako saba yote yamechapwa kwenye kompyuta na makarani wawili wa muda, neno kwa neno kama walivyoyaona. Kazi yangu ni kuuliza. Naiandikia kompyuta hivi: nipe kila kanda ambayo mwimbaji wake yumo katika orodha hii, halafu naitajia yale majina arobaini. Inapita mstari mmoja mmoja, inasoma jina la mwimbaji, inachungulia orodha. Umo? Pita. Humo? Kaa nje. Sekunde moja, Shangazi, imemaliza! Wewe na miwani yako mngekesha wiki mbili. Zimetoka kanda 946.

Mimi na umbea wangu sikuishia hapo. Nikaiambia inipangie waimbaji wote kwa wingi wa kanda zao. Nilidhani wa kwanza atakuwa Mzee Kodiani, maana baba huwa anasema mlikuwa mnampiga hewani mpaka watu wanazima redio. Wala! Wa kwanza ni mtu anaitwa K. Juu. Ana kanda 1,147! Zaidi ya theluthi ya chumba kizima ni yeye, na hayumo katika orodha ya Bosi. Zote zinakwenda na lori!

Nimeuliza ofisi nzima, hakuna anayemjua. Shangazi, K. Juu ni nani? Nijibu haraka, nimeshindwa hata kula.

Chiriku wako


Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na hongera mara mia. Barua yako nimeisomea jikoni, na mkamwana wangu akaja mbio akidhani nimeungua, kumbe nacheka. Mtoto wa kaka yangu kwenye kiti changu! Kile kiti usikiegemee upande wa kushoto.

Umeniuliza habari za K. Juu. Mwanangu, huyo ni hazina. Katika miaka yangu yote pale sikuona mwingine aliyeingia daftarini mwangu mara nyingi kama yeye. Hakuchagua wimbo wala hakuchagua siku. Asubuhi yupo, jioni yupo, wenzake wakiwa likizo yeye yupo. Hakuwahi kudai hata senti.

Mwambie Bosi wako, kwa heshima zote, kwamba orodha isiyo na K. Juu ni mchuzi usio na chumvi. Aongezwe. Asiachwe hata kanda moja. Picha yake sina, hakuwa mtu wa picha.

Lori hilo, ni kweli litakuja tarehe 28? Niandikie ukipata jibu la Bosi. Usichelewe.

Shangazi yako


Jumatatu, 10 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena, na vigelegele! Bosi amekubali! Nilimsomea barua yako mbele ya watu, nilipofika kwenye mchuzi na chumvi akapiga meza. Akachukua kalamu akaongeza jina kwa mkono wake mwenyewe, la arobaini na moja: K. Juu. Nikauliza upya, zikatoka kanda 2,093. Elfu mbili! Nilishangilia peke yangu chumbani mpaka mlinzi akaja kuniuliza kuna nini.

Si hayo tu. Bosi anataka kipindi cha saa nzima kitakachoitwa "K. Juu Alikuwa Nani?" na mtayarishaji wake ni mimi, mwenye wiki moja kazini! Kwa hiyo nisaidie. Alikuwa mwanamume au mwanamke? Nauliza kwa sababu nimeanza kumsikiliza na nimechanganyikiwa. Kanda ya kwanza ni mama mwenye sauti nyembamba anaimba habari za shamba. Ya pili ni mwanamume, besi nzito. Ya tatu ni watoto kama thelathini na mmoja wao anakohoa. Bosi anasema labda alikuwa na kundi kubwa. Fundi wa studio anasema kuna watu wana vipaji, anaweza kuwa mwenye sauti saba.

Chiriku wako mwenye kipindi

Imenibidi nifungue bahasha tena. Nimeweka kanda namba 1,902 sasa hivi. Ni mvua. Dakika nne za mvua tupu, hakuna anayeimba. Mwimbaji: K. Juu. Shangazi?


Jumanne, 11 Machi

SHANGAZI!

Sikungoja jibu lako. Leo asubuhi nimeshuka stoo, nimeyafukua madaftari yako yenyewe, yenye mwandiko wako mzuri wa kulala. Nimefungua la tano, nikatafuta 1,902. Na hapo mstari wa juu yake: 1,901, "Mlio wa treni", Idara ya Michezo ya Redio. Chini yake: 1,902, "Mvua", K. Juu. Chini yake: 1,903, "Mvua kwenye bati", K. Juu.

Kama juu. KAMA JUU!

Nilikaa sakafuni kwenye vumbi nikacheka mpaka machozi, halafu nikaacha kucheka kwa sababu nilimkumbuka Bosi. Hakuna K. Juu! Ni wewe ulichoka kuandika jina moja mara mbili! Makarani wakachapa walichokiona, wakakipanga chote kwa alfabeti ya majina ya nyimbo, kila K. Juu akahama huku "juu" yake ikibaki nyuma. Mvua ikaenda kukaa kati ya "Mume Wangu" na "Mwalimu". Mimi nikaja na akili zangu nyingi nikamgundua msanii.

Na wewe ulijua. Ulijua tangu mstari wa kwanza, ukaniandikia ukurasa mzima wa sifa za alama ya karani. Hakuwa mtu wa picha! Bosi ameshaagiza bango la kipindi, Shangazi. Nitamwambia nini?

Wako aliyeaibika


Ijumaa, 14 Machi

Mwanangu,

Umekasirika, na una haki. Ila toa barua yangu uisome tena polepole. Hakuna neno la uongo mle. Nilisema hakuna aliyeingia daftarini mara nyingi kama yeye. Je, yupo? Nilisema hakudai senti. Alidai?

Haya, nimeacha mzaha. Nisamehe. Niliposoma neno "lori" nilirudi kulisoma mara ya pili. Kila kanda ya chumba kile nimeishika, nimeifuta vumbi, nimeibandika namba kwa gundi niliyoikoroga mwenyewe. Nikaona mtu mmoja asiyekuwepo anaweza kuziokoa elfu moja mia moja arobaini na saba kwa mpigo. Nani angekataa? Lakini sikufikiria kwamba fimbo itaangukia mgongo wako. Hilo kosa ni langu.

Kuhusu K. Juu, jaribu kuandika "Kwaya ya Wafanyakazi wa Kiwanda cha Sabuni" mara kumi na tisa kwa kalamu ya kuchovya, halafu uje tuzungumze.

Sasa dawa. Alfabeti ndiyo iliyoharibu. Namba za kanda bado zipo, sivyo? Zipange zote kwa namba, zirudi zilivyokaa daftarini. Kisha kila K. Juu achukue jina la mstari wa juu yake. Ukikuta juu yake pia ni K. Juu, panda, na panda tena, mpaka umkute mtu. Baada ya hapo mtoe K. Juu kwenye orodha ya Bosi na uulize swali lako upya na wale arobaini. Waliorekodi kanda nyingi ndio hao hao wenye majina makubwa. Utaona.

Na Bosi mwambie ukweli kabla hajausikia kwa mwingine. Mweleze kwamba mwenye kosa ni mama mmoja mstaafu, na kama anataka kumfukuza kazi amechelewa miaka tisa.

Shangazi yako


Jumanne, 18 Machi

Shangazi mjanja kuliko wote,

Shikamoo! Imefanya kazi! Nimezipanga kwa namba, nikaiambia kompyuta ipande kama ulivyosema, na niliyaona kwa macho yangu yale majina yakishuka kwenye mistari, K. Juu, K. Juu, K. Juu, wote wakigeuka watu. Nikamtoa yeye kwenye orodha, nikauliza upya na wale arobaini. Kanda 2,048! Katika zile 1,147, zimepona 1,102! Zilizobaki ni arobaini na tano, nyingi ni mvua, treni na milango inayofungwa, na hizo watu wa michezo ya redio wamezichukua wenyewe kwa mikono miwili.

Bosi nilimwambia. Alitoa orodha yake akalitazama lile jina aliloliongeza. Halafu akaanza kucheka, akaenda dirishani, akarudi, akacheka tena. Amesema bango litundikwe ofisini kwake.

Sasa kuna jambo moja. Kabla ya kuhamisha kanda, kila mwimbaji au mrithi wake lazima asaini fomu ya ridhaa. Jana alikuja mtoto wa Mzee Kodiani. Nikampigia kanda za baba yake, 385, 386, 387. Mtu mzima na mvi zake alicheza kati ya makabati! Nikaweka 388, "Kikombe cha Pili". Daftarini ni K. Juu, kwa hiyo kompyuta ilimpa Mzee Kodiani.

Shangazi, hakuna mlio wa kodiani mle. Kuna gitaa moja, na mwanamke. Anaimba habari za mtu anayeandaa vikombe viwili kila asubuhi ingawa anakunywa peke yake, na hasikitiki hata kidogo, anamtania huyo asiyekuja! Tulisimama kama tumepigiliwa misumari. Ulipoisha, mtoto wa Mzee Kodiani akasema, "Marehemu baba alikuwa na mengi, dada, lakini sauti hii hakuwa nayo." Akakataa kuisainia, na ni sawa. Nimefuta jina la Mzee Kodiani kwenye mstari ule. Sasa pako tupu, na patupu hapawezi kuwemo kwenye orodha yoyote. Nikiuliza swali langu, 388 haitoki. Inakwenda na lori.

Nimeisikiliza mara tisa. Huyu mama ni nani? Wewe ndiye uliyeandika, lazima unajua. Nipe jina tu, Bosi nitamshughulikia mimi.

Chiriku wako


Alhamisi, 20 Machi

Mwanangu,

Nimefurahi kazi imekwenda vizuri. Msalimie Bosi.

Hiyo 388 nilikosea kuandika. Siku ile palikuwa na shughuli nyingi. Mwimbaji hajulikani. Kama mtoto wa Mzee Kodiani hakutaka kusaini, iache iende. Chumba kizima kimepona, kanda moja si kitu.

Mkamwana anakusalimu. Huku mvua inanyesha.

Shangazi yako


Jumamosi, 22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nimeilipia posta ya haraka, kwa hiyo isome haraka.

Mtu aliyenidanganya kurasa nzima ili aokoe mvua kwenye bati leo ananiambia kanda moja si kitu. Na barua yenyewe mistari saba! Wewe, ambaye ukieleza bei ya nyanya unajaza ukurasa! Nikajua kuna jambo, nikarudi stoo.

Chini kabisa, nyuma ya daftari la pili, kuna kasha la viatu. Ndani yake barua za wasikilizaji, zimefungwa kwa utepe wa kanda. Nimezihesabu, ni sitini na tatu. Zote zinauliza kitu kimoja: mwanamke aliyeimba "Kikombe cha Pili" ni nani? Mwingine ni dereva, mwingine mgonjwa wa wodini, mwingine amechora na kikombe. Na kila barua imebanwa na nakala ya jibu. Majibu sitini na tatu, maneno yaleyale: "Tunasikitika kukujulisha kuwa mwimbaji hajulikani." Mwandiko wa kulala. Ningeutambua hata gizani.

Nikarudi juu nikaiweka kanda tena, safari hii sikuizima wimbo ulipoisha. Ukimya kidogo. Kisha mwanamke anacheka, anasema, "Fundi, zima bwana, tutafukuzwa!"

Shangazi, kicheko hicho mimi nimelelewa nacho. Kipo kwenye kila likizo yangu. Niliruka, nikapiga kelele, kiti chako kimevunjika mguu wa pili!

Ni wewe! Ulikuwa unaimba HIVYO na hukutuambia? Baba anajua? Mimi ningekuwa na sauti hiyo ningeimba mpaka majirani wahame!

Ndani ya bahasha kuna fomu. Pana nafasi imeandikwa "Mwimbaji". Sikuijaza na sitaijaza, jina ni lako. Bosi ameshasikiliza wimbo na amesema hivi: fomu ikija na jina na saini, jina linaongezwa kwenye orodha. Isipokuja, sheria ni moja kwa wote. Nilifikiri kuiiba, lakini Bosi anahesabu kanda mwenyewe asubuhi na jioni, na mimi bado niko kwenye miezi ya majaribio. Lori ni Ijumaa saa tano.

Tafadhali, Shangazi. Nimepiga magoti huku.

Chiriku


Jumanne, 25 Machi

Mwanangu Chiriku,

Nimekaa na fomu yako tangu jana. Mkamwana ameniuliza mara tatu kama kuna msiba.

Ilikuwa hivi. Mzee Kodiani alikuja kurekodi nyimbo nne. Baada ya tatu akagombana na mpiga gitaa wake, akaondoka na kodiani begani. Mpiga gitaa akabaki pale amenuna, na kanda ya nne ilikuwa tayari kwenye mashine. Fundi wetu wa mitambo, tuliyekuwa tunamwita Fundi Nyaya, akanigeukia. "Dada, mashine ina moto bado. Imba ule unaouimba kila siku ukipanga kanda." Wimbo ule niliutunga mwenyewe, vumbini humo ulimokaa wewe. Nikaimba. Dakika tatu, Chiriku. Sijawahi kujisikia vile kabla wala baada.

Mfanyakazi kujirekodi studio ilikuwa ni kufukuzwa, hakuna mjadala. Fundi aliahidi kuifuta. Hakuifuta, aliniletea ikiwa imeshapewa namba. Na mimi nikachukua kalamu nikaandika K. Juu, nikajificha chini ya jina la mzee wa watu.

Miezi miwili baadaye mtangazaji mmoja akaitoa akidhani ni ya Mzee Kodiani, akaipiga hewani. Barua zikaanza kumiminika. Mkubwa wetu wa wakati huo akaapa atamtafuta aliyehusika, na huku akisubiri, akaagiza wasikilizaji wajibiwe. Na kujibu barua za wasikilizaji ilikuwa kazi ya nani? Yangu. Mara sitini na tatu niliandika kwa mkono wangu kwamba sijulikani. Mmoja alikuwa mama aliyesema tangu amesikia wimbo ule amerudia kuimba akiosha vyombo, jambo alilokuwa ameacha tangu afiwe. Naye nikamjibu vilevile. Huyo ananiuma mpaka leo.

Fundi Nyaya alitangulia mbele ya haki miaka minne iliyopita. Mkubwa yule hayupo. Hakuna wa kufukuzwa tena, kwa hiyo nisikudanganye kwamba naogopa hilo. Naogopa kitu kingine, na nitakisema wazi kwa kuwa umepiga magoti. Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia kwamba niliimba vizuri siku ile. Ikipigwa sasa, watu waisikie, halafu waseme kumbe ndiyo hii tu? Basi sitakuwa na kitu tena. Kanda ikienda na lori, naendelea kuwa nacho.

Nimeandika hayo, nikainuka, nikapika, nikarudi. Wewe umeisikiliza mara tisa. Hukujua ni mimi, kwa hiyo hukuwa unanipendelea.

Fomu ni hii, nimeijaza. Jina langu lote, matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Nimelipia posta ya haraka, na karani wa dirishani ameniapia kwamba itafika.

Shangazi yako


Ijumaa, 28 Machi

Shangazi! Shangazi! Shangazi!

Shikamoo, na nisamehe mwandiko, bado nahema.

Saa tatu, hakuna barua. Saa nne, hakuna barua. Lori likaja mapema, saa nne na robo! Wakaanza kubeba. Mimi nimesimama getini namsubiri mtu wa posta kama ninayesubiri matokeo ya mtihani. Saa tano kasoro kumi nikaona baiskeli yake. Sikumwacha hata ashuke. Nikapanda ngazi mbili mbili, nikakuta maboksi ya kabati la mwisho yameshakwenda. Lile lenye kanda yako! 388 ilikuwa ndani ya lori!

Nikashuka. Nikamwonyesha dereva fomu, akasema yeye ana hati ya mzigo, hajui mambo ya fomu. Nikapanda, Shangazi. Kwa sketi ya ofisini, nikapanda juu ya lori mbele ya watu wote nikaanza kufungua maboksi. Dereva anapiga kelele, mlinzi anapiga kelele, na mara namsikia Bosi chini anauliza, "Boksi la ngapi?" Alikuwa amevua koti. Akapanda naye! Tuliipata kwenye boksi la sita, imelala kifudifudi, namba yako ya gundi haijabanduka.

Tukarudi juu. Nikakaa kwenye ndoo, maana kiti kimeshakufa. Kwenye mstari wa 388, pale palipokuwa tupu, nikaandika jina lako. Kwenye orodha, chini ya wale arobaini, nikaandika jina lako tena, herufi kwa herufi, nikalihakiki mara tatu. Kisha nikauliza swali lilelile: nipe kila kanda ambayo mwimbaji wake yumo katika orodha hii. Zikatoka 2,048. Bosi akasema, "Hebu iulize yeye peke yake." Nikaiuliza. Ukatoka mstari mmoja. Namba, wimbo, mwimbaji, tarehe, dakika tatu. Nililia, sijui kwa nini, na Bosi akajifanya anatafuta koti lake.

Barua hii naipakia basi la jioni ili ikuwahi: Jumapili hii, saa nne asubuhi, unapigwa. Washa redio.

Chiriku wako


Jumapili, 30 Machi

Mwanangu Chiriku,

Saa hizi ni saa tano, na wino huu umechanganyika na machozi, usishangae.

Kuanzia saa tatu nilikuwa nasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Sikumwambia mtu. Nilisema moyoni, ikiwa mbaya nitazima, niseme betri zimekwisha. Mwanangu alikuwa kibarazani anatengeneza pasi, mkamwana anachambua mchele. Mtangazaji akaanza. Akasema wimbo huu uliwahi kupigwa mara moja tu, na kwamba wasikilizaji sitini na tatu waliuliza mwimbaji ni nani. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe. Akataja jina langu, yote matatu, polepole.

Halafu gitaa.

Nilikuwa nimeisahau ile sauti, Chiriku. Miaka yote nimekuwa nikikumbuka nyingine, ndogo zaidi. Hii ilijaza jiko. Mkamwana aliacha mchele. Akanyoosha mkono akaongeza sauti, akasikiliza mpaka mwisho bila kutikisika, na ulipoisha akapangusa macho kwa upindo wa khanga.

Akasema, "Mama, huyu anaimba jamani! Na umesikia? Ana jina kama lako."

Nikaweka sufuria chini. Nikamwambia, "Ni mimi."

Shangazi yako